Tisheti ya Mafuvu Gakoromone

Beli la mitumba likifunguliwa hakuna mwenye subira. Mikanda inakatwa, nguo zinafumuka kama unga uliotiwa hamira, na mikono inaanza kuchambua kabla vumbi halijatulia. Zilizo safi, zisizo na doa wala kifungo kilichotoka, wauzaji huziita kamera. Hizo hutundikwa juu na bei yake haina mzaha. Za wastani hupangwa mezani. Zinazobaki chini, zenye kola zilizolegea na maandishi yasiyosomeka, ni fagia: humwagwa kwenye turubai, mnunuzi akainama apekue mwenyewe. Katika soko la Gakoromone mjini Meru, sawa na Gikomba jijini Nairobi, tisheti nyeusi zenye mafuvu, popo na mikono ya mifupa huishia humo kwenye fagia.

Ni hesabu ya biashara tu. Mji una makanisa kila kona, Chuo Kikuu cha Kimethodisti kiko pale Kaaga, na mama anayeuza anawajua wateja wake. Nani atoe pesa nzuri avae fuvu?

Tuseme basi ni saa nne asubuhi, na kijana aliyeinama kwenye turubai ameibuka na tisheti nyeusi iliyochujuka hadi kijivu. Kifuani pana uso wa njano, macho yake ni alama mbili za mkasi, ulimi umening'inia nje. "Hiyo ya mlevi ni hamsini, kijana," mama anasema. Kijana analipa bila kubishania bei, jambo ambalo pale sokoni tayari ni dalili ya ugonjwa. Huo si uso wa mlevi. Ni nembo ya Nirvana, bendi ya jimbo la Washington huko Marekani ambayo albamu yake Nevermind ilitoka tarehe 24 Septemba 1991 na kuifanya ile roki iliyokuwa ikiitwa mbadala, ya redio za vyuo na kumbi ndogo, kuwa muziki wa dunia nzima. Kabla hajapokea chenji, mtu aliyekuwa akipekua suruali za jinzi pembeni anainua kichwa na kuuliza: "Unawajua hawa, ama umependa tu picha?"

Swali hilo lina dharau kidogo, na dharau hiyo ni ya makusudi. Shabiki wa roki katika mji kama Meru amechoka kuona majina ya bendi yakivaliwa na watu wasiowahi kusikia hata wimbo mmoja, kwa hiyo hupima kwanza. Jibu likiwa sawasawa, kwa mfano kwamba In Utero ya 1993 inaishinda hiyo Nevermind inayosifiwa na kila mtu, mazungumzo hayaishii hapo. Wawili hao watapita penye ndizi, wapite penye kabichi na viazi, wakibishana kama bendi ya Linkin Park iliyorudi Septemba 2024 na mwimbaji Emily Armstrong ni Linkin Park kweli, miaka saba baada ya mwimbaji wake Chester Bennington kufariki. Wakifika stendi ya matatu wameshahamia kwenye filamu, na kila mmoja amekiri kwamba alipotazama The Conjuring alilala na taa ikiwaka.

Urafiki wa namna hii hauzungumzwi sana, na ukizungumzwa huwa ni kwa mashaka. Ni makosa. Mji wa soko kama Meru, au Embu kule mwisho wa barabara inayopita Nkubu na Chuka, una njia nyingi za kukutanisha watu: ukoo, chama cha akina mama, kwaya, rika, Arsenal na Manchester United. Karibu zote huanza kwa kuuliza wewe ni wa nani na umetoka wapi. Watu wawili wanaokutana juu ya turubai la fagia hawana haja ya hilo. Mmoja anaweza kuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru huko Nchiru, aliyetoka Kisii au Kilifi na hana ndugu mjini. Mwingine fundi wa simu aliyezaliwa pale pale. Kinachowaunganisha ni kwamba wote wawili wamewahi kuambiwa wapunguze sauti.

Lawama ya kwanza wanayotupiwa ni kwamba huo ni muziki wa Wazungu. Lawama hii ingekuwa na uzito kama isingetoka katika eneo linalopenda kantri kuliko pengine sehemu yoyote ya Afrika Mashariki. Pande zote za Mlima Kenya, Jim Reeves, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1964, bado anaimba kwenye baa, kwenye matatu na kwenye harusi. Kenny Rogers alipofariki Machi 2020, Wakenya walimwomboleza kama mjomba. Mwimbaji wa mugithi mwenye gita moja huchomeka kantri katikati ya nyimbo za nyumbani na wacheza densi hawakosi hatua. Elvis Otieno, anayejulikana kama Sir Elvis, amejijengea jina zima kwa kofia ya mchunga ng'ombe na nyimbo za aina hiyo, na hajaulizwa kwa nini ameacha mila. Mzee anayelia machozi kwa sababu ya mcheza kamari wa Kenny Rogers hana haki ya kumshangaa kijana anayelia kwa sababu ya Nirvana.

Isitoshe, gita la umeme lenye kelele si geni Afrika hii. Mwaka 1976 bendi ya Sunburst kutoka Dar es Salaam ilirekodi albamu ya roki iliyoitwa Ave Africa. Zambia wakati huo ilikuwa na kizazi kizima cha wapiga roki, WITCH na Ngozi Family wakiwa mbele, hadi mtindo wao ukapewa jina lake wenyewe, Zamrock. Botswana ina mashabiki wa metali wanaovaa kofia za wachunga ng'ombe na ngozi nyeusi hadi miguuni katika joto la Kalahari; mpiga picha wa Afrika Kusini, Frank Marshall, alizifanya sura zao zijulikane duniani.

Lawama ya pili ni nzito zaidi: shetani.

Hii ina historia ya serikali. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, akamteua Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri kuiongoza. Ripoti yake ilipowekwa hadharani mwaka 1999 ilisema ibada hiyo ipo, na shule zikatajwa. Waliosoma bweni miaka hiyo wanakumbuka matokeo yake: kanda zilizonyang'anywa, mabango yaliyochanwa, na mwalimu wa zamu aliyeamini kwamba wimbo ukipigwa kinyumenyume husema mambo. Uganda nayo haikubaki nyuma. Mwaka 2018 waziri wa maadili, Simon Lokodo, alitangaza kulipiga marufuku tamasha la Nyege Nyege la Jinja, kisha serikali ikalegeza na ngoma zikalia.

Hakuna ubaya mzazi kuuliza mtoto wake anasikiliza nini. Lakini miaka 30 ni muda wa kutosha kufanya hesabu. Miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri iliyofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, kuanzia Aprili 2023 haikufikishwa pale na gita. Waliokufa hawakuwa wamevaa tisheti za mafuvu. Walikuwa na Biblia. Tume iliyotafuta giza kwenye muziki ilikuwa ikiangalia mlango usio wake.

Na tukija kwenye filamu, kusema kwamba kutishana kumetoka ng'ambo ni kuwasahau nyanya zetu. Zimwi la hadithi za jikoni, lenye mdomo wa pili kisogoni uliofichwa na nywele, ni filamu ya kutisha isiyohitaji umeme. Pwani kulikuwa na mumiani. Nairobi na Kampala wakati wa ukoloni watu walikimbia gari la zimamoto kwa sababu ilisemekana wazimamoto hukamata watu na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizo na kuzitolea kitabu mwaka 2000. Kule Tanzania, mwongozaji Mussa Banzi aliona mali katika hofu hizo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akatoa Nsyuka, filamu ya mzuka iliyowafungulia njia watengenezaji wengine wa Bongo. Hawa wote walijua jambo moja la kiufundi: hofu ya peke yako ni mateso, hofu ya watu sita kwenye kochi moja ni burudani. Mtu akiruka, wenzake wanamcheka. Dakika tano baadaye anayecheka anaruka yeye.

Mashabiki wa roki na mashabiki wa filamu za kutisha huwa ni watu walewale, na hilo halikutokea kwa bahati. Mwaka 1969, huko Birmingham, Uingereza, vijana wanne waliokuwa wakipiga muziki kwa jina la Earth waliona foleni ya watu mbele ya sinema iliyokuwa ikionyesha filamu ya Mario Bava ya 1963, yenye Boris Karloff ndani. Ikawashangaza kwamba watu hutoa pesa ili watishwe. Wakachukua jina la filamu hiyo, Black Sabbath, na wakaanza kutunga muziki wa kutisha. Rob Zombie alitoka kwenye bendi akaingia kuongoza filamu. Waliokuwa vijana Kenya miaka ya 2000 wanakumbuka Queen of the Damned ya 2002, ambamo mnyonya damu anaamka baada ya usingizi mrefu na kazi anayoamua kufanya ni kuwa mwimbaji wa roki. Nyimbo zake zilitungwa na Jonathan Davis wa bendi ya Korn, na katika albamu ya filamu hiyo Chester Bennington aliimba mojawapo. Kwa wengi mlango ulikuwa huo. Mtu aliingia akimfuata Aaliyah, mwigizaji wake, akatoka na Korn.

Njia ya kuzipata filamu hizi katika miji ya kaunti imebadilika mara mbili ndani ya kizazi kimoja. Kwanza kilikuwa kibanda cha video, deki moja na viti vya mbao, watoto wakichungulia kwenye nyufa za mabati. Halafu zikaja sidii za shilingi 50, filamu sita zimebanwa ndani ya moja. Sasa ni flashi: unamkabidhi kijana wa duka la muvi, anakuuliza unataka za Kikorea, za mapigano ama za kuogopesha, na unaondoka na wikendi nzima mfukoni. Anayeagiza za kuogopesha kila Ijumaa hujulikana. Ndipo mwenye duka anakuwa kuwadi wa urafiki bila kujua, maana humwambia mteja: "Kuna mwingine huchukua hizi hizi, tena jana alikuwa hapa."

Nafasi ya Afrika Mashariki katika filamu hizi, kusema kweli, imekua hadi imepita ya kutazama tu. Jordan Peele alipotoa Get Out mwaka 2017, majina ya mwanzo ya filamu yalipita huku kwaya ikiimba Kiswahili. Mtunzi Michael Abels aliuita wimbo huo Sikiliza Kwa Wahenga, na watazamaji wa Marekani walitetemeka kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la pili wa Gakoromone angeyaelewa. Mwigizaji mkuu, Daniel Kaluuya, ni Mwingereza wa wazazi Waganda. Miaka miwili baadaye Peele alimpa Lupita Nyong'o nafasi mbili katika filamu moja, Us, mama na kivuli chake kinachotaka kumuua. Kabla ya kuanza kazi alimkabidhi filamu kumi za kutisha azitazame, miongoni mwao The Shining na The Babadook, ili wakiwa kazini wawe na lugha moja. Lupita, ambaye amewahi kukiri kuwa ni mwoga wa filamu za aina hiyo, alizitazama. Wale wawili wa kwenye turubai wanafanya kitu kile kile, ila orodha yao iko kwenye flashi.

Kuhusu madai kwamba mambo haya huharibu akili, waliochunguza wamekuta kinyume. Tasha Howe na wenzake mwaka 2015 walichapisha utafiti kuhusu watu waliokuwa mashabiki wa metali miaka ya 1980, wakati Marekani nzima ilikuwa ikiwahofia. Walipofika umri wa makamo walikuwa wametulia maishani, na walikumbuka ujana wenye furaha kuliko wenzao. Coltan Scrivner, akishirikiana na watafiti wa Denmark, alikuta kwamba katika miezi ya mwanzo ya Korona wapenzi wa filamu za kutisha walikuwa na msongo mdogo wa mawazo kuliko wasiozitazama. Hiyo haimaanishi mtoto wa miaka minane akalishwe Saw. Bodi ya kuainisha filamu huweka alama ya 18 kwa sababu, na shabiki anayezionyesha sebuleni mbele ya wadogo zake anastahili kukaripiwa.

Kenya yenyewe imezaa muziki ambao ungemtisha hata Askofu Mkuu wa tume ile. Mwaka 2020 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya Duma, kundi la watu wawili kutoka Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu: mayowe, ngoma za kompyuta zinazokimbia kuliko pumzi, kelele kama karakana ya jua kali iliyoshika moto. Msomaji wa Kiswahili atadhani jina ni la yule mnyama mwenye mbio. Kumbe ni neno la Kikuyu, nduma, yaani giza. Neno hilo hilo ndilo jina la ile mizizi ya kijivu inayorundikwa kwa mafungu Gakoromone na kuchemshwa kwa chai ya asubuhi, na hadi leo haijamtisha mtu. Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, alipotoa albamu yake The Adept mwaka 2024 aliitoa kwa heshima ya nyanya wa mzazi wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefika cheo cha Fildi Masho katika Mau Mau na kufariki 2023. Watu wa msituni nao waliitwa wa shetani enzi zao, kwa nywele zao na viapo vyao. Meru, nyumbani kwa Fildi Masho Musa Mwariama, isingehitaji kukumbushwa hilo.

Tatizo la kweli ni nafasi. Bendi za Nairobi kama Crystal Axis na Parking Lot Grass zilikulia kwenye kumbi za jiji. Tamasha la ROFFEKE, lililounganisha roki na filamu za bajeti ndogo, nalo lilikuwa la jiji. Shabiki wa Meru yuko zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo, na baada ya nauli na mahali pa kulala, tikiti ndiyo inakuwa gharama ndogo. Majumba ya sinema ya zamani katika miji mingi ya Kenya yaligeuzwa maduka na makanisa. Gita na ngoma zilizo katika hali nzuri katika mji kama huu ziko madhabahuni, na si ajabu kwamba wapiga roki wengi walijifunzia huko, wengine wakianza na Skillet na P.O.D., bendi za Kikristo ambazo hata mchungaji wa vijana huziruhusu mradi sauti isiongezwe.

Kinachohitajika si kikubwa. Ukumbi mmoja wa umma, projekta moja, Jumamosi moja kwa mwezi, na mlinzi wa kuangalia vitambulisho mlangoni. Kaunti hutumia kumbi zake kwa semina ambazo nusu ya wahudhuriaji husinzia. Katika Us hakuna atakayesinzia. Uganda ilionyesha kitu kidogo kinaweza kuvuta watu kutoka wapi. Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, kwa bajeti ambayo isingetosha kununua ng'ombe wa maziwa. Ni filamu ya risasi zaidi kuliko ya mizimu, lakini kionjo chake kilimfikia Alan Hofmanis akiwa New York, naye akapanda ndege kwenda kumtafuta mwenye kazi. Kisha akahamia Wakaliga na kuanza kuigiza na kutengeneza filamu pamoja nao. Shabiki mmoja alivuka bahari kwa sababu ya kionjo. Wa Nkubu hawezi kushindwa kupanda matatu.

Mpaka hapo, mkutano utaendelea kuwa kwenye turubai. Na soko lina macho. Mama akiona wiki ya tatu mfululizo vijana wanaulizia zile nyeusi, na hawabishani bei, hahitaji mtafiti wa kumweleza. Beli linalofuata likifumuka, mkono wake unazichomoa kabla ya zingine: fuvu, popo, ule uso wa njano. Anazikunguta, anazitundika juu kwenye henga karibu na magauni ya harusi.

"Mama, si hii ilikuwa hamsini?"

"Hiyo ni mia tatu, kijana. Hiyo ni kamera."